Mtoto Aliyerithi Kimya cha Babu Yake

Mwanaima alizaliwa Mkongani, na Mkongani walimjua kwa mdomo wake. Si mdomo wa matusi, la. Mdomo wa habari. Akitumwa maji, ndoo ilichelewa kurudi kwa sababu kila aliyekutana naye njiani ilibidi apewe hadithi, naye atoe yake. Mama yake alikuwa akisema kwamba msichana huyu akifa atazikwa mwili kwanza, ulimi usubiri hadi kesho yake, maana hautakuwa umemaliza. Basi mtu wa namna hiyo, kwa kudra za Mwenyezi Mungu, akaolewa Msambweni katika nyumba ambayo watu wake walitoa maneno kwa kubana, kama mchele wa mwisho wa mwezi.

Si kwamba watu wa Msambweni hawasemi. Wanasema, na wengine wanapitiliza. Lakini nyumba ya marehemu mzee Alfani ilikuwa na sifa yake. Mzee mwenyewe, aliyefariki kabla Mwanaima hajaingia pale, alikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa. Inasemekana aliwahi kuketishwa kutwa nzima kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, na ilipofika alasiri akatamka maneno mawili tu, "Gawanyeni sawa," akainuka akaenda kuswali. Mjane wake, Bi Hafsa, aliisimulia habari hiyo kwa fahari kubwa na kwa ufupi mkubwa. Mwana wao Luqman, mumewe Mwanaima, alitunza bustani katika hoteli moja ya Diani na kurudi nyumbani siku yake ya mapumziko. Akirudi alikula, akalala, akaamka akatengeneza ua. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, ila alimpenda kimyakimya.

Mwanaima akabaki na makuti. Mahoteli ya pwani huezekwa kwa makuti, na makuti hayo hushonwa na wanawake kama yeye, wamekaa barazani: unayakunja majani ya mnazi juu ya kijiti, unayafunga kwa kamba, unaongeza mengine, hadi kijiti kijae. Bi Hafsa alikaa upande mmoja wa lundo, Mwanaima upande wa pili, na baina yao hapakupita neno ila "nipe kamba" na "jua limefika". Alipopata mimba, Mwanaima alijua anachokitaka. Wenzake huomba mtoto mwenye afya, mwenye akili, mwenye riziki. Yeye aliomba mtu wa kuzungumza naye.

Alijifungua mvulana, na mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, hilo halijadiliwi. Na mke wa mwana hatamki jina la mkwewe, awe hai au awe kaburini. Hilo nalo halijadiliwi. Kwa hiyo mtoto akaitwa Alfani, na mama yake hakumwita Alfani hata siku moja. Alimwita Mzee. Bi Hafsa alimwita "mume wangu", na huo ndio ulikuwa utani wa pekee uliowahi kutoka kinywani mwake. Luqman na dada yake Warda walimwita "baba", maana ni jina la baba yao. Watoto wa jirani wakamwita "babu" na kumpa shikamoo huku wakicheka. Kila mtu alikuwa na jina lake la kumwitia, na jina lenyewe likabaki kutajwa na wageni.

Mtoto alikua vizuri. Alikuwa mtulivu, mwenye macho makubwa yaliyofuata kila kitu. Alipofikisha umri ambao wenzake husema "mama" na "dada", yeye hakusema. Alipofikisha umri ambao wenzake hugombana na kusingiziana, yeye bado. Mwanaima akaanza kuona wasiwasi, lakini nyumba nzima ilikuwa na furaha.

"Jina limekubali," Bi Hafsa alisema, akimpapasa kichwa mjukuu wake. "Marehemu alikuwa hivi hivi."

Watu wetu wanaamini kwamba mtoto akipewa jina la mtu, huchukua na tabia zake: mwendo, hasira, hata namna ya kulala. Jina likimkataa, mtoto hulia usiku na mchana hadi libadilishwe. Huyu hakulia. Kwa hiyo kimya chake kilihesabiwa kuwa baraka. Jamaa waliokuja siku ya Idi walimtazama, wakatikisa vichwa na kusema kimya kingi kina mshindo mkuu, subirini tu, huyu atakuja kuwa mtu. Mwanaima akawaandalia pilau akanyamaza. Ni nani angesimama mbele ya wageni aseme kwamba kufanana na marehemu ni ugonjwa?

Alikwenda kliniki mtoto akiwa na miaka miwili na kitu, akifuatana na wifi yake Warda. Muuguzi wa pale alikuwa Jacinter, mwanamke wa bara, mwenye moyo mkunjufu na ulimi wa haraka.

"Mtoto anaitwa nani?" Jacinter aliuliza.

Mwanaima akamtazama Warda. Warda akasema, "Alfani."

"Kwani mamake hawezi ongea?"

"Anaweza sana," Warda alisema. "Hilo jina ndilo haliwezi."

Jacinter akamwita mtoto: Alfani, Alfani. Mtoto alikuwa akitazama miguu ya meza. Akamwita tena kwa sauti iliyowageuza akina mama wengine kwenye benchi. Mtoto akaendelea na miguu ya meza.

"Mama, huyu mtoto hajibu jina lake," Jacinter alisema, na uso wake ukawa mzito.

Warda akacheka. Akamweleza habari ya Mzee, na baba, na mume wangu, na babu, mpaka muuguzi naye akacheka. Mtoto mwenye majina yote hayo atajuaje ni yeye anayeitwa? "Haya, mwite hivyo mnavyomwita," Jacinter alisema. Mwanaima akaita, "Mzee." Wakati huohuo mtu alikuwa akifungua mlango nyuma yao, jua likaingia sakafuni, na mtoto akageuka.

"Si unaona?" Warda alisema.

Naam, waliona wote. Kama mlango ule ungekawia kidogo tu, huenda nisingekuwa na la kusimulia.

Hata hivyo Jacinter hakuridhika kabisa. Alimwambia Mwanaima mambo mawili. La kwanza, ampeleke mtoto hospitali kubwa akapimwe masikio, awe na uhakika tu. La pili, aongee naye. Aongee naye kutwa, amtajie kila anachokishika, amwimbie, amwangalie usoni, akimaliza kusema angoje kidogo kama anayesubiri kujibiwa. "Mtoto hujifunza kuongea nyumbani, mama, sio kwa daktari. Wewe ndio mwalimu wake wa kwanza."

Katika mambo hayo mawili, la pili ndilo lililomwingia Mwanaima moyoni, kwa sababu ndilo alilokuwa akitamani kuambiwa tangu siku alipoolewa. Kuhusu masikio alijaribu. Alimweleza Bi Hafsa jioni ileile, kwa adabu, akiwa ameketi chini.

Bi Hafsa alifikiri sana. "Mwanangu," alisema, "ukimpeleka huko utamwambia daktari nini? Kwamba mume wangu alikuwa mgonjwa?"

Luqman alipopigiwa simu aliuliza mama amesemaje. Akaambiwa. "Basi tungoje kidogo," alisema. Nao wakangoja. Mambo mengi kwetu hufa hivyo, bila mtu yeyote kuyaua.

Ikawa sasa mwanamke wa Mkongani amepata kazi yake. Kuanzia asubuhi, baraza lile lililokuwa kimya kama msikiti baada ya adhuhuri likajaa maneno. "Mzee, hili ni kuti. Kuti bichi hilo, hili kavu. Nalikunja. Umeona? Nalikunja, nalifunga. Kamba iko wapi? Hii hapa kamba. Huyu ni kuku, kuku mwizi huyu, jana kala unga wa nyanyako." Alimwimbia nyimbo za kulaza na nyimbo za harusi. Alimtegea vitendawili, akangoja, akajijibu mwenyewe, kisha akajidai ameshindwa na kumpa mtoto mji. Alimsimulia Mkongani yote: kisima, shule, mbuzi aliyemlia mwalimu kofia. Mtoto alikaa mbele yake akimtazama usoni bila kupepesa, na Mwanaima alipocheka naye alicheka, tena kwa wakati wake. Majirani walisema mke wa Luqman amepata kichaa cha mchana. Hakujali. Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo, na nitasema wazi kwamba furaha hiyo ndiyo iliyomwangamiza.

Maana mtoto alionekana anaelewa. Ukimwambia "lete kisu", alileta kisu. Mwanaima hakuona kwamba kila anapotaja kisu alikuwa akikitazama, na mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka. Ukimwambia "twende tukaoge", alivua shati, kwa kuwa ndoo ilikuwa mbele yake. Kila wiki Luqman alipiga simu na kuuliza, "Amesema?" Mwanaima alijibu, "Bado, lakini anaelewa kila kitu." Kisha alimwekea mtoto simu sikioni, na mtoto akaishika kwa mikono miwili na kutabasamu. Baba yake huko Diani, amesimama katikati ya maua ya watu, alisikia pumzi ya mwanawe na akaridhika.

Siku moja kifuniko cha sufuria kiliponyoka mkononi mwa Mwanaima, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji nyuma ya mtoto na kuzunguka kwa kelele mpaka Bi Hafsa akatoka chumbani akiuliza kuna nini. Mtoto alikuwa akipanga vifuu vya nazi. Hakugeuka. Mwanaima aliutazama mgongo wa mtoto. Akakiokota kifuniko. Angeweza kukiangusha tena. Alikiweka juu ya sufuria, taratibu, akajiambia kwamba mtoto akizama katika mchezo hata bomu lipasuke hatajua. Kisha akaketi na kuanza upya: Mzee, hivi ni vifuu.

Watu huuliza kwa nini hakukiangusha tena. Aulizaye hivyo hajawahi kuogopa jibu.

Alfani alipelekwa chekechea akikaribia miaka mitano. Mwalimu wake, Viola, naye alikuwa mtu wa bara, bado mgeni, na kwake mtoto alikuwa Alfani tu, hakujua marehemu wala sifa zake. Kengele ya shule ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa na kugongwa kwa chuma. Siku ya kwanza ilipogongwa, watoto wote walikimbilia mstarini isipokuwa mmoja aliyebaki amechuchumaa, mgongo kwa wenzake, akichora mchangani. Mwalimu alimdhani mkaidi. Siku ya pili alimwendea kwa nyuma na kupiga makofi karibu na kichwa chake, upande huu, upande ule. Kisha akachukua kopo na jiwe. Mwanaima alipokuja kumchukua mwanawe, mwalimu alikuwa akimngoja langoni.

"Mama Alfani, mimi si daktari," alisema. "Lakini huyu mtoto hasikii."

Safari hii Mwanaima hakuomba ruhusa kwa mtu. Huko hospitali kubwa, kijana aliyepima alimvalisha mtoto vifaa vya masikioni, akamketisha kwenye chumba kidogo, akabonyeza hiki na kile kwa muda mrefu. Mtoto alifurahia vile vifaa, akavishikashika. Kijana alipotoka alivuta kiti akaketi karibu na mama.

"Hasikii, mama. Masikio yote mawili."

"Hata kidogo?"

"Radi ikiwa karibu, labda anaihisi kifuani."

"Na mimi je? Nikimpakata, nikimsemesha hapa, karibu?"

"Hapana, mama."

"Hata nyimbo?"

Yule kijana akauliza kama mtoto aliwahi kuugua alipokuwa mchanga. Ndiyo, aliwahi kupata homa kali, akatibiwa, akapona. Huenda ni ile homa, kijana alisema, na huenda alizaliwa hivyo. Sasa hakuna wa kujua. Akaeleza polepole kwamba miaka ya mwanzo ndiyo lugha hushika, iwe ya mdomo au ya mikono, na kwamba wangemleta mapema angeanzishiwa ishara mapema, nyumbani, na wao wazazi wangejifunza pamoja naye. Hakusema kwa kulaumu. Lakini lawama ikitajwa kwa upole bado ni lawama, na Mwanaima aliibeba yote peke yake, kana kwamba hakuna mwingine aliyekula ile pilau ya Idi.

Bi Hafsa alipoambiwa hakulia. Alikaa na tasbihi mkononi bila kuihesabu.

"Marehemu alikuwa hasemi," alisema baadaye, "lakini alikuwa akisikia." Na tangu siku hiyo hakumwita mtoto "mume wangu" tena.

Asubuhi iliyofuata Mwanaima aliketi barazani na makuti yake. Alikunja jani, akafunga, akakunja jingine. Mtoto alikuja akakaa mbele yake kama kawaida na kumtazama usoni. Akangoja. Akamletea kamba. Mama yake akaipokea. Akaenda akaleta kisu, kisha kifuu, kisha akamkamata yule kuku na kumleta pia, amembana kwapani. Alikuwa akitafuta kitu kitakachoufanya ule uso uanze tena mchezo wake. Mwanaima alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ulimi wa Mkongani, ule uliosemwa utazikwa baadaye, ukafa kwanza.

Mwaka uliofuata walipata nafasi katika shule ya bweni ya watoto viziwi. Ni shule njema, sina neno nayo. Jumamosi walimu waliwafundisha wazazi ishara, na Mwanaima alihudhuria mara chache. Alijifunza mama, kula, maji, lala, njoo. Vidole vyake vilivyozoea makuti vilikuwa vigumu, na alijifunza kama anayemeza dawa. Kisha Bi Hafsa akaumia nyonga, ikabidi mtu awe nyumbani kumgeuza na kumwogesha, na Luqman hakupewa ruhusa kazini. Mwanaima akasema ataendelea muhula ujao. Ilipofika muhula ujao, nyonga ilikuwa bado haijapona.

Alfani aliporudi kwa likizo alikuwa mtoto mwingine. Alishuka garini na mikono inayokwenda. Alionyesha mti, akaufanya kwa mkono. Kuku, mvua, gari la polisi. Lugha ilikuwa imemfikia hatimaye, imechelewa lakini imefika, nayo ilikuwa ikimtoka kwa fujo. Watoto wa jirani walimwiga kwa kicheko, kisha wakachoka wakaenda kucheza mpira. Mwanaima alimwambia njoo, kula, maji, lala. Alipomaliza hizo, alikuwa amemaliza.

Siku ya tatu au ya nne, alasiri, mtoto alimfuata barazani, akamwondolea kuti mkononi na kuliweka kando. Akaanza kusema. Hakuwa akionyesha kuku wala gari. Ilikuwa habari ndefu, yenye mwanzo na katikati, na uso wake ulikuwa umekaza. Mwanaima alishika "mama". Alishika "lala". Kulikuwa na mtu mrefu, au mlango, au pengine usiku. Kulikuwa na kitu kilichoshika mkono wake juu ya kiwiko, mara mbili. Kisha mtoto akanyamazisha mikono, akamtazama, akingoja kujibiwa.

Mwanaima akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ameelewa.

Mtoto akairudia habari yote, polepole zaidi. Mama mtu akaitikia kwa kichwa tena, huku akitabasamu, machozi yakimlengalenga. Ndipo Alfani akajua. Unaweza kumdanganya mtoto kwa mdomo, lakini huyu alikuwa amelelewa kwa kusoma uso wa mama yake kutwa kucha, na hakuna alichokijua zaidi duniani. Mikono yake ikashuka mapajani.

Aliporudi Luqman, Mwanaima alimsihi atumie simu yake wampige picha ya video mtoto akisimulia, wamtumie mwalimu wa shule ya bweni. Walimketisha na kumwonyesha ile simu, wakambembeleza kwa biskuti na kwa ishara zao tano. Alikalia mikono yake. Alimtazama baba, akamtazama mama, akatazama simu, na mikono haikutoka. Mwalimu alipigiwa, hakushika. Alikuwa likizo kwao bara.

"Labda ilikuwa ndoto tu," Luqman alisema. "Au mchezo wa huko shuleni."

"Labda," Mwanaima alisema.

Siku ya kufungua shule alimpeleka mwenyewe. Angefanyaje? Kumzuia nyumbani ni kumrudisha kwenye kimya, na kumpeleka ni kumpeleka kwenye asilolijua. Njia nzima alimshika mkono, naye mtoto hakuukataa wala hakuushika. Langoni kulikuwa na wazazi wengi, mabegi, magodoro, na mwalimu wa zamu akihangaika na mzazi mmoja aliyekuwa akiuliza habari za sare. Alfani alimwona mwenzake, mvulana wa rika lake aliyeketi juu ya sanduku, akamkimbilia.

Pale pale, kabla hata ya kuweka begi chini, akaanza. Mwanaima aliitambua. Ilikuwa habari ileile: lala, yule mrefu, mkono juu ya kiwiko, mara mbili. Tabasamu likamfutika usoni yule mwenzake. Akauliza kitu kifupi. Alfani akajibu. Yule mtoto akateremka kwenye sanduku, akamwekea mkono begani, wakakaa hivyo.

"Mwalimu," Mwanaima aliita, akisukuma watu, "mwalimu, hebu tazama, wanasema nini wale?"

Mwalimu aligeuka. Mikono ilikuwa imekwisha tulia. "Watoto hawa wana mengi, mama," alisema kwa wema, na kwa haraka. "Nitamuuliza baadaye, usijali." Kisha akaitwa upande mwingine, na watoto wakaingizwa ndani kwa mstari.

Mwanaima alirudi Msambweni bila kujua mwanawe aliona nini, au alifanywa nini, au aliota nini. Alichojua ni kwamba, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, alimwambia yeye.